Sifuri Kumi na Mbili

Ndugu Mwenyekiti wa Umoja wetu wa Wafugaji, Mzee Machibya. Watemi wa sungusungu mnaolinda vijiji vyetu kumi na vinne, mkitanguliwa na Ntemi Ndalahwa wa Mwabulenga. Wajumbe wa Kamati. Wafugaji wenye alama. Na wewe mama Awuor, uliyekataa kiti cha mbele ukaketi kwenye benchi la mlangoni. Nimewataja kwa ngazi hiyo kwa kuwa ndivyo utaratibu unavyotaka. Kwa haki, ningeanzia mlangoni.

Mimi ni Teodora Chenge, msajili wa alama za ng'ombe. Kamati imeniagiza taarifa ya kurasa mbili juu ya hitilafu ya mitambo katika msimu huu wa mvua. Nimejaribu kuiandika mara nne, nimeshindwa. Badala yake nimekuja na shajara niliyoiandika tangu Oktoba, nami nitaisoma kama ilivyo, hata pale inaponiaibisha. Mwishoni nina uamuzi, na utekelezaji wake uko mikononi mwenu.

Jumatatu, 13 Oktoba 1997

Mvua imeanza mapema, tena kwa hasira. Kumbukumbu iliyo wazi ndani ya seva saa mbili asubuhi ilikuwa megabaiti kumi na tisa. Saa nane mchana zilibaki mbili. Sijui kwa nini. Nimeamua kuandika tarakimu hizi kila siku.

Saa nane na robo Mwabulenga walipiga redio ya upepo. Wamekamata vijana wawili wakiswaga ng'ombe sita wenye alama ya msalaba wa mkia. Mashimba, opareta wetu, aliingiza alama. Skrini ilikaa kimya kwa muda, kisha ikaandika: Zilizopatikana, sifuri. Akawasomea: alama hiyo haina mwenyewe kwenye rejesta. Kabla ya saa tisa redio ilituarifu kwamba vijana wote wawili wamekufa, mmoja kwa mshale wa shingo, mwingine kwa marungu.

Mwenyekiti alikuja mwenyewe ofisini Mkolani kunipa mkono. "Enzi za daftari tungesubiri hadi Jumamosi," alisema. "Leo jibu limefika kabla jasho halijakauka."

Nilifurahi. Naandika kwamba nilifurahi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, 14 Oktoba

Amekuja mtu mmoja wa Mara, Jairo Odoyo, mnunuzi wa ng'ombe, mrefu kiasi cha kuinama mlangoni. Alitaka kusajili alama yake: nusu mwezi na nukta mbili, paja la kulia. Aliizunguka seva, akainama, akainusa.

"Dada, ng'ombe wangapi wamelala humu?"

"Laki mbili na kumi elfu."

"Na hakuna hata harufu ya samadi! Basi hawa ni wa uongo."

Mashimba akamwambia Wajaluo wanajua samaki tu, ng'ombe wawaachie wenyewe. Naye akajibu kwamba Msukuma akiulizwa ana watoto wangapi anamwita mkewe amsaidie, lakini ng'ombe anawajua kwa majina ya bibi zao. Tulicheka sana. Nimemsajili kwa mkono wangu, nikaweka herufi zangu, T.C., chini ya jina lake.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua. Asubuhi kumi na nane, alasiri mbili.

Jumatatu, 3 Novemba

Mto Mirongo umevunja kingo na vibanda vya sokoni vimekwenda ziwani. Toka nyumbani Pasiansi hadi kazini nimetumia saa mbili na nusu, viatu mkononi. Redio imekatika mara tisa leo. Kila inapokatika, Mashimba anabonyeza kitufe cha kutoka, anarudi mwanzo, anauliza upya. Alasiri kumbukumbu imebaki nusu megabaiti na diski inasaga kama mashine ya unga.

Nimefungua seva na kupuliza vumbi. Vumbi lilikuwepo. Halikuwa sababu.

Jumanne, 4 Novemba

Kisesa wamemkata mtu sikio. Jibu letu lilikuwa sifuri.

Jumanne, 11 Novemba

Seva imeganda saa saba kamili. Nimeizima na kuiwasha. Imechukua nusu saa kuamka, na ilipoamka ilikuwa na kumi na tisa kana kwamba hakuna kilichotokea. Nimepata dawa. Kuanzia kesho nitaizima kila siku saa sita adhuhuri, wakati vijiji vinakula.

Mashimba hakuridhika. "Dada Teo, homa ukiipa maji ya baridi inashuka. Lakini ugonjwa si upo pale pale?"

Nilimjibu kwamba yeye ashughulike na redio. Nilimjibu vibaya.

Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulijua, kwa kuwa nilikuwa masomoni Dar es Salaam miaka hiyo. Enzi za daftari, mtu aliyekamatwa na ng'ombe wasiojulikana alilala kwa ntemi hadi jibu lije Jumamosi. Alikula chungu kimoja na ntemi, na aliyekula chungu hicho hapigwi, awe mwizi au asiwe. Wengi walioonekana wezi Jumatatu, kufikia Jumamosi walikuwa wamekwisha kupata ndugu wa kuwatetea.

"Siku hizi wanalala wapi?" niliuliza.

"Siku hizi hawalali, dada. Tangu mashine ije Juni, hakuna aliyelala."

Jumatano, 19 Novemba

Mvua. Kumi na tisa, tatu. Dawa inafanya kazi.

Jumatano, 26 Novemba

Sitaki kuacha kitu.

Wageni wa wafadhili walifika saa tano. Mwenyekiti aliniambia mapema, mlangoni, kwa sauti ya chini: "Leo usizime. Hawa wamevuka bahari kuja kuiona ikiwaka. Wakikuta skrini nyeusi nitawaambia nini?" Nilieleza kwamba bila kuizima saa sita, alasiri itakuwa taabu. Akasema, "Alasiri watakuwa wameshakwenda kula." Nikakubali. Hakunilazimisha.

Mvua ilianza saa saba, kubwa, ya upepo wa ziwani. Saa nane na nusu Mwabulenga waliita. Ntemi Ndalahwa mwenyewe alikuwa kwenye redio. Wamemkamata mgeni na ng'ombe tisa, nusu mwezi na nukta mbili, paja la kulia. Mashimba akaingiza. Redio ikakatika. Akatoka, akarudi, akaingiza tena. Ikakatika. Mara ya tatu, diski ilisaga hadi meza ikatikisika.

Mimi nilikuwa hatua sita kutoka pale, kwenye skrini nyingine, nikiwaonyesha wageni ramani ya alama kwa wilaya. Nilisikia Mashimba akiniita. Nikainua mkono kumwashiria asubiri. Akaniita tena. Nilikuwa nacheka, kwa sababu mgeni mmoja alikuwa amejaribu kutamka "Mwabulenga".

Lazima nieleze jambo hapa. Mwezi Agosti Mwenyekiti alilalamika kwamba skrini ikikaa tupu inaaibisha ofisi. Nikaiandikia programu ukomo: sekunde tisini. Zikiisha, ioneshe ilichokwisha kupata. Na seva iliyokosa kumbukumbu, katika sekunde tisini, haijapata kitu chochote. Hivyo inaandika sifuri. Alama isiyokuwepo inaandika sifuri, na alama ambayo haijafikiwa bado inaandika sifuri hiyo hiyo. Nilijua. Niliona ni jambo dogo.

Mashimba akasoma: "Mkolani kwenda Mwabulenga. Zilizopatikana, sifuri. Ova."

Ndalahwa alikuwa amekandamiza kitufe ili watu wote wasikie jibu, na hakukiachia. Kwa hiyo nasi tulisikia. Kwanza filimbi. Kisha sauti ya mtu mmoja juu ya sauti za wengi: "Muulizeni dada wa Mkolani! Aliandika mwenyewe! Muulizeni—" Kisha mlio ambao sikuutambua, kama gunia la mahindi linalotupwa sakafuni, tena na tena, na baada ya kila mlio watu wanaguna pamoja, kama wanaotwanga.

Niliijua sauti ile. Nilijua kwamba naijua. Mgeni akaniuliza kama redio ina matatizo, nami nikageuka nikamjibu kwamba ni mvua.

Waliondoka saa kumi. Nikaizima seva, nikaiwasha, na ilipoamka nikaingiza swali la mwisho kuijaribu. Sekunde tatu. Jairo Odoyo. Nusu mwezi na nukta mbili. Ng'ombe kumi na mmoja. T.C.

Nilimpokonya Mashimba redio.

"Ntemi, shikamoo. Yule mtu ni wetu. Yumo! Yumo, ng'ombe ni wake!"

"Marahaba, binti." Mvua ilikuwa imekatika na sauti yake ilifika safi kabisa. "Umechelewa. Bega la kulia lilitoka, akawa bado anasema jina lako. Ndipo wakamtia mawe ya kichwa."

Alhamisi, 27 Novemba

Nimempiga Mashimba. Nilimpiga kofi mbele ya watu wawili waliokuja kusajili alama. Nilimwambia, "Kwa nini hukuniita?"

Hakurudisha mkono. Alifungua daftari lake la redio akanigeuzia. Saa nane na dakika arobaini na moja: nimemwita msajili. Saa nane na dakika arobaini na nne: nimemwita tena, yuko na wageni.

"Ulikuwa unacheka, dada," alisema. "Sikutaka kuandika kwamba ulikuwa unacheka."

Jumatatu, 1 Desemba

Mjane amekuja. Awuor. Ametoka Mara siku mbili njiani, barabara imekatwa na maji, akamkuta mumewe amezikwa na halmashauri bila jeneza. Hakulia wala hakuketi. Aliuliza yupi ndiye dada wa Mkolani. Nikasimama.

"Wanasema uliulizwa kama mume wangu ni mwizi, ukasema ndiyo."

"Mama, mashine ilisema sifuri. Siyo kwamba—"

"Sikuuliza mashine. Mtafute sasa. Mbele yangu."

Nikaingiza alama. Yeye akahesabu kwa sauti, akigonga meza kwa kidole. "Moja. Mbili. Tatu." Jina likatokea. Alijua kusoma. Alilisoma lote, hadi herufi zangu mbili.

"Tatu," alisema. "Hata kikohozi ni zaidi."

Akainua kigoda cha Mashimba kwa miguu yake na kukishusha kwenye skrini. Kioo kilipasuka kwa mlio mkubwa, vipande vikanikata shavu na shingo. Akapiga tena. Akapiga meza, akapiga simu, akapiga ukuta. Mashimba alipomshika kiuno, Awuor alimng'ata mkono hadi damu ikatoka, na hakumwachia, wala Mashimba hakumwachia, wakasimama hivyo muda mrefu katikati ya vioo, wakihema, hadi nguvu zikamwishia Awuor kwanza. Seva ilikuwa chini ya meza. Haikuguswa.

Aliniambia akiwa mlangoni: "Nitapanga chumba hapa hapa Mkolani. Siondoki hadi mtu mmoja aseme kwa mdomo wake, nilimpiga Jairo."

Jumanne, 2 Desemba

Nyuzi tatu shavuni. Nimebadilisha kadi za kumbukumbu, zote mbili. Asubuhi kumi na tisa, alasiri mbili. Si kadi.

Jumatano, 3 Desemba

Nimeondoa alama zote zilizoingizwa kutoka Shinyanga, nikidhani rejesta imevimba. Kumi na tisa, tatu. Siyo hilo.

Alhamisi, 4 Desemba

Leo haikunyesha. Alasiri kumbukumbu ilibaki kumi na tano! Nimekaa nikiitazama tarakimu hiyo kama mtu aliyemwona mwizi wake barabarani.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimelipata, na siyo mimi niliyelipata. Liko kwenye daftari la Mashimba.

Nilimwomba daftari lake, nikaweka kando yake tarakimu zangu za kila siku. Siku ambayo redio ilikatika mara tisa, nilipoteza megabaiti zaidi ya kumi na saba. Siku iliyokatika mara mbili, nilipoteza nne. Nikaitaka seva inioneshe maswali yote ambayo bado iko nayo kazini. Tuna skrini tatu, sasa mbili. Maswali yaliyokuwa wazi yalikuwa ishirini na moja.

Niwaeleze kwa namna tunayoijua wote. Zamani, mkiuliza alama, karani alileta daftari lote na kulitandaza mezani, akalipitia toka ukurasa wa kwanza. Programu yangu hufanya hivyo hivyo, kwa kuwa sikuitengenezea faharasa ya alama. Kila swali hutandaza rejesta nzima. Mvua inapokata redio, Mashimba hutoka na kuuliza upya. Lakini karani wa kwanza hakuambiwa aondoke. Anabaki pale na daftari lake limetandazwa, akitafuta jibu ambalo hakuna tena anayelisubiri. Anakuja wa pili, wa tatu, wa kumi. Meza ikijaa, wanaofuata wanafanya kazi sakafuni, wakitembea hadi ghalani, yaani kwenye diski, kwa kila ukurasa. Hiyo ndiyo sauti ya kusaga.

Kwa hiyo siku ambazo mvua ilikuwa kubwa, ndizo siku ambazo jibu lilikuwa sifuri.

Mashimba alinisikiliza, bandeji mkononi. "Mimi ndiye niliyekuwa nawaacha makarani mezani," alisema.

"Wewe ulibonyeza kitufe nilichokupa. Nilipaswa kuiandika programu ili kitufe hicho kimwondoe karani."

Nimemwomba radhi kwa kofi. Alisema kofi la mwanamke mwenye shahada haliumi, linawasha tu.

Jumanne, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, sisi tuko ofisini. Faharasa imekamilika: swali linakwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wake. Kitufe cha kutoka kinafuta swali. Swali lililoachwa dakika mbili linafutwa lenyewe. Ukomo wa sekunde tisini nimeubakiza, lakini sasa ukifika skrini inaandika: Sijamaliza kutafuta, msifanye lolote.

Mvua kubwa mchana kutwa, redio imekatika mara kumi na nne. Asubuhi kumi na tisa. Alasiri kumi na nane. Jibu: sekunde mbili. Nimelia, na nadhani ilikuwa furaha. Niliamini kwamba nimekomesha mauaji.

Jumatano, 17 Desemba

Jua. Redio safi. Saa nne asubuhi, Mwabulenga. Mtu mmoja na ng'ombe sita. Mashimba akaingiza, sekunde mbili.

"Mkolani kwenda Mwabulenga. Alama imo. Mhoja, wa Mwabulenga hapo hapo, ng'ombe sita. Ni wake. Narudia, ni wake. Ova."

Ndalahwa akajibu: "Tumepokea. Lakini huyu tumeshamvunja."

Nilichukua redio. "Mmemvunja nini, ntemi?"

"Mikono. Yote miwili. Na jicho moja, sijui kama litarudi."

"Mhoja si jirani yenu?"

"Alikuwa amewaswaga kabla ya jua kutoka. Watu wakapiga yowe. Yowe likishapigwa, binti, hakuna anayeuliza jirani ni nani."

"Basi mlituuliza sisi ili iweje?"

Akajibu bila hasira, kama mtu anayemfundisha mtoto jambo la kawaida. "Ili tuandike."

Mashimba alizima redio, jambo ambalo hajawahi kulifanya saa za kazi. Alinitazama. "Sekunde mbili, dada. Ulitaka iwe ngapi?"

Wiki tatu nimekuwa nikisema moyoni kwamba Jairo aliuawa na megabaiti. Lilikuwa jambo la kutisha, lakini lilivumilika, kwa sababu megabaiti naziweza. Leo seva ilikuwa na kumi na nane wazi na mtu amevunjwa mikono yote miwili.

Alhamisi, 25 Desemba

Sikwenda kanisani. Nimemkuta Awuor akiokota kuni nyuma ya ofisi. Nimemsalimu. Ameitikia.

Jumanne, 6 Januari 1998

Nimeuliza upya maswali yote yaliyopata sifuri tangu Juni hadi tarehe tisa Desemba. Ni thelathini na moja. Kumi na tisa ni sifuri kweli. Kumi na mbili ni za uongo: alama zimo, wenyewe wanajulikana, na jibu sahihi hutoka kwa sekunde mbili.

Ya tarehe 13 Oktoba ni mojawapo. Msalaba wa mkia ni alama ya baba wa mmoja wa vijana wale wawili. Walikuwa wanapeleka ng'ombe wa baba huyo majini. Mwenyekiti alinipa mkono siku hiyo, nami nikafurahi.

Katika sifuri hizo kumi na mbili wamekufa watano. Mmoja hana sikio. Mmoja alichomwa moto miguu na sasa anatambaa. Mmoja, mwanamke, Wilhelmina, alikuwa anaswaga ng'ombe wa kaka yake. Alichofanyiwa kimeandikwa kwenye daftari la redio kwa maneno mawili ambayo Mashimba ameyafunika kwa wino.

Na zile kumi na tisa za kweli? Mtu ambaye hajasajili ng'ombe wake hajaiba. Hajasajili. Sikulifikiria hilo hata mara moja hadi leo.

Jumatatu, 12 Januari

Mwenyekiti aliniita.

"Andika mitambo, Teodora. Hitilafu ya mitambo. Wafadhili wako tayari kutupa seva mpya, megabaiti mia moja na ishirini na nane."

"Mzee, iliyopo inafanya kazi."

"Basi umeitengeneza mapema mno." Alicheka peke yake, halafu akaacha. "Unataka niwaambie watemi kumi na wanne kwamba ni wauaji? Ni wao waliokomesha wizi wa mifugo katika nchi hii wakati polisi hawakuwa na hata baiskeli. Mimi mwenyewe nilirudishiwa ng'ombe arobaini."

"Najua, mzee. Nami nilikupa mkono."

"Mashine haiendi jela. Iache iseme kosa ni lake."

Nilimwambia nitalifikiria. Nimelifikiria njia nzima hadi Pasiansi. Si mtu mbaya. Anataka kuandika jina ambalo hakuna atakayelia kwa ajili yake.

Ijumaa, 30 Januari

Leo nimekwenda polisi na Mashimba. Tumeandikisha maelezo, yeye yake, mimi yangu. Nimesema nilichokijua mwezi Agosti na kukiona kidogo. Nimesema nilisikia sauti na nikageuka. Askari aliuliza kama nina uhakika nataka kutia sahihi. Nimetia. Asubuhi kumbukumbu ilikuwa kumi na tisa, alasiri kumi na tisa.

Hapo ndipo shajara inapokoma, ndugu Mwenyekiti, na hapa ndipo uamuzi unapoanza.

Kanuni ya kumi na moja ya Umoja wetu, mliyoipitisha wenyewe, inampa msajili mamlaka ya kufunga rejesta pindi akiona majibu yake yanatumika kinyume cha madhumuni. Haimtaki aombe ruhusa. Leo Jumamosi, tarehe 31 Januari, saa sita adhuhuri, nimeifunga. Hakuna kijiji kitakachojibiwa, kiwe na mtu mkononi au kisiwe naye. Kijiji chochote kitakachomgusa mtu kuanzia saa hii kimemgusa kwa hiari yake, bila sifuri ya kujifichia.

Juu ya meza hii nimepanga karatasi kumi na mbili, moja kwa kila jibu la uongo. Kila moja ina alama, jina la mwenye ng'ombe, jibu tulilotoa na jibu lililo sahihi. Chini yake pana mistari mitupu. Ntemi ataichukua karatasi ya kijiji chake, ataisoma kwa sauti mbele ya watu wake, mahali pale pale palipotendeka, kisha mistari ile itajazwa majina ya walionyanyua mkono, wakiyataja wenyewe. Itarudi kwangu ikiwa na mhuri wa kituo cha polisi. Zitakaporudi zote, rejesta itafunguliwa. Ikibaki moja, haitafunguliwa, hata mkiniondoa kazini leo, kwa kuwa nakala za karatasi hizi zimo ndani ya maelezo yangu.

Kwenye mstari wa kwanza wa kila karatasi pameandikwa tayari: Teodora Chenge, msajili. Sikuacha karatasi hata moja.

Ntemi Ndalahwa, shikamoo. Za Mwabulenga ni mbili, ya vijana wale na ya Jairo Odoyo. Ya tatu nimeiongeza kwa mkono, ya Mhoja, ingawa jibu lake lilikuwa sahihi. Mama Awuor amekaa mlangoni, na hakuna atakayepita bila kupita mbele yake.

Njoo uchukue zako.